Wufa ya Besi na Ubeti wa Roselida

Mwanangu, kuna Jumapili moja ya Kawangware ambayo hunirudia kila ninapomsikia mtu akiuliza bei ya spika. Jana umeuliza wewe. Umekuja na simu yako, ukanionyesha picha za masanduku meusi yenye taa za buluu, ukasema umeweka akiba muda mrefu na sasa unataka muziki wa maana nyumbani kwako. Ukaniuliza pesa hizo uzigawe vipi: kiasi gani kiende kwa spika, kiasi gani kwa amplifaya ya kuzisukuma, kiasi gani kwa kile kitu cha kuchezea nyimbo. Nikakaa kimya. Nafikiri uliondoka ukisema moyoni, huyu mzee siku hizi amechoka.

Sikuwa nimechoka. Nilikuwa nimemwona Roselida wa Jumapili ile, ameinama, sikio lake limegusana na sanduku kubwa kuliko yeye, anatafuta mstari wake na haupati. Basi kaa leo tunywe chai nikueleze. Usitegemee nitakupa hesabu safi. Jambo hili lilinichanganya nikiwa kijana, na bado linanichanganya, ila sasa nimezoea.

Mimi ni mtu wa Kianda, kule Kibera, unajua. Shule niliiacha darasa la sita. Mwalimu alisema nina akili, lakini miguu yangu haikupenda dawati. Nikafanya mjengo, nikachoma mahindi, nikalinda geti la watu, nikasukuma mkokoteni, na kila kazi niliiacha siku ile niliyohisi nimeielewa. Kitu kimoja tu sikukiacha: kufungua vitu nione kilichomo ndani. Redio ya mama niliifungua, nikairudisha, nikabaki na skrubu kadhaa mkononi ambazo sikujua zilitoka wapi, na redio ikaendelea kuimba. Kuanzia hapo watu wakaamini kwamba najua mambo ya redio. Mimi mwenyewe nilikuwa nikijiuliza zile skrubu zilikuwa za nini.

Wakati huo kulikuwa na kanda bado. Simu hazijaingia mifukoni mwa watu. Nilikuwa nikilala kwa binamu yangu kule Kabiro, Kawangware, naye akanivuta kwenye kwaya ya kanisa lao, kanisa la mabati lenye watu wengi waliotoka Magharibi mwa nchi kama sisi. Mwalimu wa kwaya, Mwalimu Otieno, alinijaribu katika sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka besi. Alikuwa mtu mpole. Alifuta miwani yake polepole, akaniambia, "Wewe Kianda, utatusaidia kushika kanda." Jina langu halisi sidhani kama kuna aliyelijua. Walikuwa wakiniita Kianda tu, kwa kuwa nilitoka huko.

Sasa nikueleze kwaya hiyo ilivyojifunza nyimbo, maana jambo zima limo humo. Hapakuwa na mtu wa kusoma noti. Kanda ya kwaya nyingine inaletwa kutoka nyumbani Magharibi, watu wanajazana kwa Mwalimu, inachezwa, inarudishwa nyuma, inachezwa tena. Kila kundi linatafuta sauti yake humo ndani, namna unavyochambua maharagwe yaliyochanganyika. Likishaipata linatoka nje, linasimama kando ya kamba za nguo na kuiimba peke yake ili isipotee. Jirani anayefua alikuwa anasikia besi upande huu na sauti ya kwanza upande ule, na mtoto wake analia katikati. Baadaye wote wanarudi ndani na kuunganisha. Ikikubali, ngozi inasisimka. Isipokubali, wanalaumiana.

Ikaja kanda mpya. Kanisa lilikuwa limepata tawi kule Kianda, na siku ya kulifungua kwaya yetu ndiyo ingeimba. Katika wimbo huo ubeti wa pili ulikuwa wa mwanamke mmoja tu, wa sauti ya pili, wengine wakimshika kwa chini. Mwalimu akampa Roselida.

Roselida alikuwa binti wa Mama Nafula, mwanamke mzima aliyeongoza sauti ya pili na kuuza omena pale karibu na kona. Binti mwenyewe alifanya kazi ya nyumba Lavington, anakwenda kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu jioni, na nafasi yake ya mazoezi ilikuwa Jumapili alasiri, basi. Kusoma hakujua vizuri. Hata maneno ya wimbo aliyashika kwa sikio. Hakuwa amewahi kuimba peke yake mbele ya watu, na nadhani habari za ubeti huo alikuwa amemwambia kila mtu kuanzia Kabiro mpaka geti la mwajiri wake. Mwalimu akasema wazi: asiposhika ubeti kwa wakati, utakwenda kwa Bilha wa sauti ya kwanza, ambaye anashika wimbo kabla kanda haijapoa.

Na redio ya Mwalimu ya kuchezea kanda wiki hiyohiyo ikafa. Nikaifungua. Nikaifunga. Hiyo ilikuwa imekufa kweli.

Wakaitisha mkutano, wakakubaliana kuchanga wanunue mtambo mzuri wa kukaa pale kwa Mwalimu: deki ya kanda, amplifaya na spika. Kila mtu alikubali haraka. Ugomvi ulianza baada ya pesa kuonekana.

Besi walikuwa watu wa mjengo, na walitoa karibu nusu. Mkubwa wao alikuwa Bulimo, mwashi mwenye mabega ya kubeba mlango. Akasimama akasema, "Pesa ya besi iende kwa wufa, ile spika kubwa ya sauti nzito. Mimi nikisikia besi nataka nisikie hapa," na akajipiga kifuani.

Bilha, aliyekuwa anasuka nywele, akasema, "Haya, na yetu inunue zile twita, zile ndogo za sauti ya juu. Sitaki sauti ya kwanza isikike kama mtu amefunikwa gunia."

Sauti ya tatu walikuwa kinyozi na makanga wawili wa matatu. Wao walitaka amplifaya. "Iwe na nguvu," makanga mmoja akasema. "Ukiifungua, hata wale wa stage wajue leo kuna kwaya."

Mama Nafula akatoa noti zilizokunjwa ndani ya leso. "Zetu ni kidogo. Ziwekeni mnapoona."

Wakasema zinunue deki na nyaya, kwa sababu ndivyo vilivyobaki. Roselida, aliyekuwa amekaa mlangoni, akauliza, "Na sauti ya pili hutokea wapi kwa spika?"

"Hutokea tu, dada," Bulimo akamwambia. "Sasa sauti ya pili itaenda wapi?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Lakini swali lile lilinikaa kama mfupa wa samaki kooni. Sikujua jibu, na nilikuwa mtu asiyelala vizuri akiwa na swali.

Pesa wakanipa mimi. Bulimo mwenyewe ndiye aliyesema, "Mpe Kianda. Huyu hana sauti, hatapendelea mtu."

Nikaanza kuzunguka kuuliza. Mjini muuzaji mmoja aliyevaa tai akaniambia niweke pesa nyingi kwenye deki, maana sauti ikiharibika pale inapoanzia hakuna kitakachoirekebisha mbele. Nikaona ni kweli kabisa. Nikapita sokoni Toi, kwa mama mmoja anayeuza vyombo vilivyotumika, naye akacheka: "Kijana, deki ni deki. Amplifaya ikiwa dhaifu, spika zinakoroma na mwishowe zinaungua." Hiyo nayo nikaona ni kweli. Kisha nikaenda Kibera kwa Fundi Marjan, Mnubi aliyekuwa anatengeneza masanduku ya spika nje ya nyumba yao ya urithi. Yeye hakuinua kichwa. "Sikio halisikii amplifaya. Sikio linasikia spika. Weka pesa hapa." Na hiyo pia ilikuwa kweli.

Unaona shida yangu? Watu watatu, kila mmoja anasema kweli, na pesa ni zilezile. Nilikaa juu ya jiwe nje ya karakana ya Marjan nikijaribu kuziweka kweli hizo tatu pamoja kichwani, zikawa zinapigana. Kila mmoja alitaja kitu alichokuwa anauza, hilo nililiona. Hata hivyo mtu anaweza kuuza ndizi na bado akakwambia kweli kuhusu ndizi.

Mwishowe nilifanya anachofanya mtu aliyechanganyikiwa: nilifuata maagizo. Pesa ya besi ikanunua wufa, sanduku kubwa la Marjan lenye koni pana kama sinia. Pesa ya sauti ya kwanza ikanunua twita za kumeta. Pesa ya sauti ya tatu ikanunua amplifaya nzito. Pesa ya Mama Nafula ikapata deki iliyotumika. Marjan alinijaribishia kwa kanda yake mwenyewe ya muziki wa dansi, magitaa na ngoma, na mate yakanijaa mdomoni kwa utamu. Kanda ya kwaya niliiacha kwa Mwalimu. Sikufikiria hata kidogo kuibeba.

Tulipakia mkokoteni, tukapanda mpaka Ngong Road, tukapita Dagoretti Corner, tukashuka Kawangware. Njiani watu walikuwa wanasimama. "Niaje buda, mnahamisha disko?" mmoja akauliza. Nilijiona mtu mkubwa.

Jumapili hiyo chumba cha Mwalimu kilijaa mpaka watu wakasimama juu ya kitanda. Nyumba ilikuwa ya mabati pande zote na juu, na kwa hilo pia hakuna aliyefikiri. Nikaweka kanda, nikafungua sauti. Mwanangu, sufuria zilitembea juu ya kabati. Mabati yakaanza kuimba wimbo wao. Bulimo akafumba macho, akaweka mkono kifuani. "Hapo," akasema. "Hapo sasa." Bilha na wenzake nao wakafurahi, maana huko juu kulikuwa na kumeta fulani, tsi tsi tsi, kama sarafu zinazomwagwa. Makanga wakaomba niongeze. Jirani akagonga ukuta, na mabati yakamjibu.

Ubeti wa pili ukafika. Roselida akasogea mbele. Akasogea tena. Akapiga magoti, akaweka sikio kwenye sanduku.

"Rudisha," akaniambia.

Nikarudisha.

"Rudisha tena, Kianda."

Nikarudisha tena. Wufa inapiga du, du. Twita zinasema tsi. Katikati, mahali ambapo yule mwanamke wa kwenye kanda alikuwa anaimba, palikuwa na ukungu. Ulisikia kwamba kuna mtu. Hukujua anasema nini.

Nilishika kila kitufe cha amplifaya ile. Nilipopunguza wufa, besi walilalamika. Nilipopunguza twita, Bilha aliniangalia kama nimemkanyaga. Nilipoongeza zote, mabati yalizidi. Alasiri ikaisha. Mwalimu akafuta miwani yake, na nilijua anachotaka kusema kabla hajasema.

"Rose, mwanangu, Jumapili ijayo ndiyo ya kufungua kanisa. Hatuna nyingine. Nafikiri ubeti huu tumpe Bilha."

Roselida hakulia wala hakubishana. Alisimama, akafuta vumbi magotini, kisha akamgeukia Bulimo. "Ndugu Bulimo, pole, nikuulize. Kwenye ubeti wa pili, besi inasema maneno gani?"

"Besi?" Bulimo akasema. "Besi inasema... Kianda, hebu cheza."

Nikacheza. Du, du, du.

"Inasema 'twaja, twaja,'" Bulimo akasema.

"Wacha uongo," mwenzake wa nyuma akasema. "Ni 'baba, baba.'"

"Mimi nasikia 'hapa,'" wa tatu akasema, na aliyekuwa juu ya kitanda akaongeza kwamba yeye amekuwa akiimba "mmm" tangu tuanze na hakuna aliyemwuliza.

Chumba kizima kikacheka, isipokuwa Bulimo. Roselida akamwuliza Bilha naye, na Bilha akaimba ubeti wote bila kukwama. Mama Nafula akamkatiza: "Hayo maneno umeyatoa wapi?" Bilha akasema kwa sauti ndogo kwamba palipokosekana alijaza mwenyewe. Kumbe hakuna aliyekuwa na wimbo. Kila kundi lilikuwa linafurahia kelele yake, na maneno ya wote, hata ya besi, yalikuwa yamezama mle katikati ambako hatukununua kitu.

Mama Nafula hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliwapita Bulimo na Mwalimu, akaja kusimama mbele yangu.

"Humu kila mtu amejinunulia yeye mwenyewe," akasema. "Wimbo nani amenunua?"

Nikazima deki.

"Tulikutuma wewe kwa sababu huna sauti. Basi si ungetumia masikio? Hawa wote walikuwa na upande. Wewe peke yako ndiye ungeweza kusikiliza kwa niaba ya watu, ukaenda kusikiliza muziki wa dansi wa fundi."

Nimekemewa na maaskari, nimekemewa na waajiri, nimesahau karibu yote. Hayo ya Mama Nafula bado nayasikia na harufu ya omena kwenye vidole vyake. Alichosema hakikuhusu spika peke yake, nadhani. Au kilihusu spika tu, na mimi ndiye ninayekikuza. Sina uhakika.

Ilibaki kumshawishi Bulimo tuirudishe wufa, kwa sababu ilikuwa pesa ya besi na besi walikuwa wanaume wenye mikono mizito. Hakuna aliyemshawishi. Katikati ya wiki alikuja kwa binamu yangu, bado ana saruji kwenye nywele, akasimama mlangoni.

"Kianda. Ile kitu naipenda."

"Najua."

"Lakini sijui nasema nini kwa ubeti wa pili." Akakuna shingo. "Niko kwaya hii tangu iwe watu wachache. Sijui nasema nini. Jumamosi naachia kazi mapema. Tafuta mkokoteni."

Akausukuma yeye mwenyewe. Mimi nilibeba kanda ya kwaya ndani ya shati.

Fundi Marjan alituona kutoka mbali. "Mmenirudishia mtoto? Alikosa nini?" Tukamweleza. Akasema mteja akitaka kishindo yeye humpa kishindo, sasa kama tunataka watu waongee, hilo ni sanduku lingine. Kurudisha kulituuma kidogo, maana kitu kikishatoka kwa fundi hakirudi na thamani ileile. Tulibadilisha na masanduku mawili ya kadiri, kila moja na koni ya wastani na twita ndogo isiyojionyesha. Yalionekana ya kawaida sana. Bulimo aliyaangalia kama mtu aliyeletewa chai ya rangi baada ya kuahidiwa maziwa.

"Hayo tu?"

"Weka kanda yenu," Marjan akasema.

Wufa kubwa ilikuwa imeketi pale kimya. Marjan akaunganisha yale mawili, akafungua sauti kidogo tu, kiasi cha watu wanaozungumza mezani. Ukaja ubeti wa pili. Yule mwanamke akatokea, kila neno na pumzi yake, na chini yake wanaume wakawa wanasema, polepole, "fungua, fungua." Bulimo alisimama na mikono yake imening'inia. Akaomba irudishwe. Ikarudishwa. Akaimba nao, kwa sauti ya chini, pale nje kwenye vumbi la mbao.

"Kumbe tunaomba mlango," akasema.

Jumamosi hiyo jioni Mama Nafula alikusanya blanketi za wapangaji wa plot nzima, akazitundika kwenye kuta za mabati za Mwalimu, na mabati yakaacha kuimba. Sijui nani alimwambia. Nilipomwuliza alisema, "Kwani wewe ukilala na mvua ikipiga mabati, hutaki blanketi kichwani?" Alikuwa na namna hiyo ya kukujibu mpaka unajiona mjinga na unashukuru.

Mwalimu alikubali kumpa Roselida nafasi ya mwisho, naye akaomba ruhusa kazini, akaja Jumapili mapema kabla ya ibada. Alisikiliza ubeti wake, akasikiliza tena, halafu akacheka. "Ni hiki tu?" akasema. Akatoka nje kwenye kamba za nguo akauimba, na mama mmoja aliyekuwa anaanika alisimama na shuka mkononi mpaka akamaliza. Bilha alimfuata na kumrekebishia mahali pamoja pa kuvuta pumzi, bila kinyongo ambacho ningekiona.

Kule Kianda aliimba. Mwanzoni nilimwona akitafuta mahali pa kuweka mikono, kisha akaisahau. Besi wakamshika chini, fungua, fungua, na Bulimo aliyatamka maneno yale kama mtu aliyeyalipia. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa na kanda mfukoni. Sitakueleza zaidi, kwa sababu sijui kueleza.

Baada ya ibada mzee mmoja mgeni, aliyetoka kule ambako kanda ilitoka, alimsalimia Mwalimu akamsifu, kisha akauliza, "Mbona mmeushusha wimbo? Wenyewe tunauimba juu zaidi." Mwalimu hakuelewa, na mimi nilielewa baada ya wiki nzima ya kuhangaika: ile deki ya bei ndogo ilikuwa inazungusha kanda polepole kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo tulikuwa tumejifunza wimbo wote chini ya mahali pake. Yule muuzaji wa tai mjini alikuwa amenionya. Sauti ikiharibika pale inapoanzia, hakuna kitakachoirekebisha mbele.

Lakini Mwalimu alisema, na nilimsikia kwa masikio yangu, kwamba kule juu Roselida asingefika. Pale chini ndipo nguvu zake zilipokuwa. Sasa niambie wewe uliyesoma: ile deki ilituharibia au ilitusaidia? Nimeligeuza jambo hilo kwa miaka, na kila nikidhani nimelipata linanitoroka.

Ndiyo maana jana nilikaa kimya. Lakini umekuja kuuliza, na haifai mtu arudi mikono mitupu kwa mzee, basi nitakwambia ninachokijua, ukichukue na mashaka yangu yote.

Kabla hujagawa hata shilingi, jiulize unataka kusikia nini, na uwe mkweli. Kama ni watu wanaoimba na kuongea, na kwa wengi wetu ndicho hicho hata tukijidai vingine, basi nunua katikati kwanza. Sehemu kubwa ya pesa, nusu na zaidi kidogo, iende kwa spika za wastani zinazotoa maneno vizuri zikiwa zimefunguliwa kidogo. Amplifaya iwe na nguvu ya kuzitosha, na ziada kidogo ili isikorome. Ile ya sauti ya tatu hatukuwahi kuifungua hata robo. Pesa iliyolala bure ndani yake ingenunua deki nzuri. Siku hizi nyimbo ziko kwenye simu yako, ambayo ulishainunua, kwa hiyo huko usimwage pesa tena, ila usikilize faili zilizo safi, maana yule mtu wa tai hakudanganya. Wufa, kama bado unaitamani, ije mwisho kabisa, ukishakaa na zile nyingine mwezi au zaidi na ukajua unachokosa. Wengine hukuta hawakosi kitu.

Weka kando fungu dogo la vitu ambavyo hakuna anayekuonyesha picha zake: nyaya nzuri, kifaa cha kulinda vyombo umeme ukiruka ruka kama unavyoruka huku kwetu, pazia zito, zulia, kitambaa ukutani. Chumba nacho ni spika, na kama ni cha mabati ni spika mbaya. Ukienda kununua, beba wimbo wako mwenyewe, ule unaoujua mpaka pumzi za mwimbaji, na ukatae kusikilizishwa wa muuzaji. Na mwombe mtu mwingine wa nyumbani kwako aje asikilize nawe, hasa yule asiyesema anataka nini. Mkeo amesema anataka nini? Umemwuliza? Hujamwuliza; nilidhani hivyo.

Zaidi ya hapo sijui. Ukigawa vizuri kuliko nilivyokueleza, njoo unifundishe. Bado nina masikio.

Mungu aibariki akiba yako na mikono iliyoiweka. Akupe nyumba ambamo mwenye sauti ndogo anasikika bila kupaza, majirani wakugongee mlango kwa kuja kusikiliza na si kwa kulalamika, na watoto wako waimbe maneno wanayoyajua. Nenda salama, mwanangu, na umsalimie mama watoto.